Kitufe cha Kila Mdau

Nchi ninayoisema haipo, msihangaike kuitafuta. Ina bendera, ina wimbo, ina foleni ya hospitali inayoanzia barabarani, lakini haipo, na mtu akikwambia anaifahamu jua ni mzushi. Mimi niliishi humo tu. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nikieleza mambo ya wakubwa nikakosea, kosa ni la shule. Wakubwa wenyewe hawajawahi kukosea. Wameliweka hilo kwenye sheria.

Zamani katika nchi hiyo mambo yalikuwa ya kishamba. Mgonjwa akizidiwa, daktari wa zahanati alichukua kipande cha karatasi, akaandika kwamba huyu apokelewe Hospitali Kuu, akagonga mhuri, mgonjwa akapakiwa. Karatasi ile iliitwa rufaa. Watu wengine walipona kabisa. Ndivyo tulivyokuwa nyuma kimaendeleo.

Kisha Rais akasafiri kwenda kwenye mkutano wa marais. Huko, wakati wa chai, rais mwenzake akamuuliza, "Na nyie huduma zenu za kwenye simu, mmeshirikisha wadau wa nje ya serikali?" Nasikia Rais wetu hata sambusa hakuimaliza. Aliporudi, akiwa bado uwanja wa ndege, akatangaza mambo mawili. La kwanza, karatasi zote za rufaa zichomwe moto, maana mfumo wa simu unakuja. La pili, mfumo usije mpaka wadau wote washirikishwe.

Karatasi zilichomwa siku hiyohiyo. Kwa kuchoma, serikali yetu haikuwa na mpinzani.

* * *

Mke wangu Nyamizi alikuwa anavimba. Ilianza miguuni, ikapanda tumboni, ikafika usoni. Yeye akaigeuza mzaha. "Baba Shija, si ulikuwa unalalamika mke wako mkavu? Haya, huyu hapa, amenona."

Daktari wetu wa zahanati, Fungameza, alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki palepale. Akaniita nje.

"Mzee, ni figo. Huyu ni wa Hospitali Kuu, na awahi."

"Basi andika."

"Niandike wapi? Karatasi zimechomwa."

"Na huo mfumo?"

"Bado. Unasubiri wadau."

"Wadau ndio watu gani?"

"Watu ambao jambo linawahusu."

"Mimi linanihusu."

Fungameza akanitazama kama mtu aliyeona njia porini. "Mzee, hebu ngoja. Wizara wamenipigia asubuhi. Wanaye kila mdau isipokuwa wa wagonjwa. Kila mgonjwa wanayemwita anasema hawezi kusafiri, anaumwa. Ukienda wewe kikao kinatimia, mfumo unamalizwa, na mama anapata rufaa."

Nikarudi ndani nikamweleza Nyamizi. Akacheka, halafu pumzi ikamkatika, akasubiri irudi. "Nenda ukawe mdau," akasema. "Ila usiwe mkali, Baba Shija. Wewe ukikasirika unasema kweli yote kwa mkupuo, watu wanakosa pa kuanzia."

* * *

Kikao kilikuwa hotelini, juu ya kilima, penye bwawa la kuogelea. Mkurugenzi wa Ushirikishwaji, mama mmoja mpole sana aitwaye Bi Stamili, alitueleza kwamba wataalamu wamefanya utafiti wakagundua mdau hashirikishiki vizuri akiwa ofisini. Anahitaji upepo.

Nikapewa kibao cha jina: MDAU, WAGONJWA. Kulikuwa na mdau wa kampuni ya simu, mdau wa maduka ya dawa, mdau wa viongozi wa dini, mdau wa machifu, mdau wa kwaya, na mdau wa wafuga nyuki. Huyu wa nyuki hakuna aliyejua anahusikaje na wagonjwa. Lakini alikuwa amehudhuria kila kikao cha serikali tangu uhuru, na kumwacha ingekuwa kumvunjia heshima.

Pembeni yangu alikaa bwana mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Jina lake Kisusi. Kibao chake kilisema: MDAU, MAJENEZA.

"Na wewe umeitwa?" nikamuuliza.

"Mimi niliitwa wa kwanza. Wamesema huduma ya afya ni mnyororo, na mnyororo unaishia karakanani kwangu."

Akaingia Waziri, Mheshimiwa Daktari Injinia Kapilimba. Sasa, katika nchi hiyo, mkubwa akitaka kuongea lazima kwanza awatambue wote waliopo, mmoja mmoja, kwa cheo chake. Akimsahau mtu, mtu huyo hununa, na aliyenuna hukwamisha mradi. Kwa hiyo Waziri akaanza kututambua. Alipofika mwisho, msaidizi akamnong'oneza kwamba amemruka mdau wa nyuki. Waziri akaomba radhi, akaanza upya kutoka kwa Rais. Tulikwenda kunywa chai bado tunatambuliwa.

"Ndugu wadau," hatimaye akasema, "serikali hii ni sikivu. Hatutaki kujenga mfumo wetu. Tunataka kujenga mfumo wenu. Kila mdau aufungue ajione humo!"

Makofi.

Akasimama mtaalamu wa kompyuta, Bwana Lwiza, akasema kwa woga kwamba kwa kazi ya rufaa vitufe viwili vinatosha. Kimoja cha daktari anayemtuma mgonjwa, kingine cha hospitali inayompokea.

"Viwili?" Waziri akashangaa. "Na mdau wa machifu tumwambieje? Kwamba tumemleta hapa ale kuku, halafu humo ndani hayumo?"

Mdau wa machifu akakohoa kikohozi cha mtu aliyeanza kununa.

"Basi vitatu," akasema Lwiza.

Loo, hapo ndipo alipofungua bomba. Mdau wa dini akasema mgonjwa hawezi kusafirishwa bila kuombewa, akapewa kitufe. Mdau wa maduka ya dawa akasema lazima yeye athibitishe kwanza kwamba dukani kwake hakuna dawa inayoweza kumtosha mgonjwa, akapewa. Mdau wa simu akapewa. Mdau wa kwaya aliyekuja na wimbo wa kuupongeza mfumo alisema hataki makuu, kitufe kidogo tu, pembeni. Akapewa kikubwa. Wa nyuki alipoulizwa kitufe chake kifanye nini alijibu, "Kiwepo." Kikawepo. Na rufaa isingetoka mpaka vyote vibonyezwe, maana kuruka kitufe cha mtu ni sawa na kumruka mwenyewe.

"Mdau wa wagonjwa?" akaita Bi Stamili.

Nikasimama. "Mimi naomba daktari akisema mgonjwa aende, basi aende. Aende tu."

Wadau wakageuka kunitazama.

"Hilo ni lengo, mzee wangu," akasema Bi Stamili kwa upole. "Lengo tunalo tayari, limechapwa kwenye fulana. Wewe tunakuomba kitufe."

"Sitaki kitufe."

"Jamani," Waziri akalalamika, "kesho itaonekana mgonjwa hakushirikishwa!"

Wakanitungia wenyewe. Wakaamua kwamba kila asubuhi mgonjwa ataweka kidole kwenye simu kuthibitisha kuwa bado anaumwa. Nikapigiwa makofi kwa mchango wangu.

Akabaki Kisusi. Alikuwa ameshachoka, kuku ameshaisha. "Na mimi basi," akasema kwa utani, "rufaa ikikwama nijulishwe, nipange mbao." Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Lwiza peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika.

* * *

Mfumo ukaja. Ukiufungua, kabla ya lolote, unasikia sauti ya Waziri ikiwatambua wadau wote, na huwezi kuinyamazisha wala kuiruka. Fungameza alipomwingiza Nyamizi mara ya kwanza, bando lake liliisha Waziri akiwa amefika kwa machifu. Akanunua jingine.

Ombi likaanza kuzunguka. Mdau wa dini akabonyeza baada ya kuomba. Mdau wa simu akabonyeza baada ya sisi kuhamia mtandao wake. Mdau wa machifu akasema habonyezi kwa ajili ya mtu ambaye hata salamu hajamletea, nikaenda kumsalimu, akanikalisha kwenye mkeka nusu siku ndipo akabonyeza. Yule wa nyuki, Mungu ampe maisha marefu, alibonyeza upesi kuliko wote. Mdau wa kwaya alikuwa safarini nje ya nchi, akiimba ule wimbo wa kuupongeza mfumo.

Na kila asubuhi Nyamizi aliweka kidole. Lakini vidole vilikuwa vimevimba, alama zake zimetoweka. Simu ikajibu kwamba mtu huyu hatambuliki.

"Iambie hata mimi sijitambui," akasema. "Tukitafuta wote labda tutanipata."

Siku moja, jua likiwa limeshapanda, nikasikia hodi. Kisusi amesimama mlangoni, kofia mkononi, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Nimepata taarifa kwenye simu. Imesema nifike kupima."

Kutoka chumbani Nyamizi akauliza, "Baba Shija, ni nani huyo?"

Kisusi akachungulia ndani. "Kumbe anaongea?"

"Anaongea. Yu hai."

Akaivua ile futi shingoni, akaisokomeza mfukoni kama mtu aliyefumaniwa. "Mimi nilisema utani, ndugu yangu. Wewe si ulikuwepo? Nilisema utani!"

"Utani wako ndio kitufe pekee kinachofanya kazi katika nchi hii."

Akakuna kichwa, akatazama barabarani alikoegesha. "Gari ninalo," akasema. "Twende naye."

Lilikuwa pikapu nyeupe, ubavuni limeandikwa KISUSI, MAJENEZA YA KISASA. Tulipomtoa Nyamizi akasimama kidogo akalisoma. "Wenzangu wanapanda hili hawaioni njia," akasema. "Mimi nitaangalia maduka."

* * *

Geti la Hospitali Kuu lilikuwa na mlinzi na kishikwambi.

"Rufaa?"

"Iko kwenye mfumo," nikasema. "Imebaki kwa kwaya."

"Basi msubirini kwaya."

"Anakufa huyu!"

"Mzee, mimi sina ubaya. Nikimpitisha, mwenye kitufe chake atasema nimemdharau, na mimi nina watoto." Kisha akaliangalia gari. "Lakini Kisusi, leo imekuwaje unapita huku? Geti lako si lile la nyuma?"

Mimi na Kisusi tukatazamana. Geti la nyuma lilikuwa la chumba cha maiti. Huko rufaa hakuna. Marehemu alikuwa na mdau mmoja tu, na mdau mwenyewe ndiye aliyeshika usukani.

Tukazunguka. Kisusi akabonyeza kitufe chake, geti likafunguka lenyewe, taratibu, kwa heshima zote. Tukamshika Nyamizi mkono huku na huku, tukapita naye katikati ya wale waliolala, yeye akinong'ona, "Shikamooni, samahanini, tunapita," mpaka wodini.

Daktari wa wodi, mwanamke mmoja mwenye macho ya kukosa usingizi, alimpokea bila kuuliza lolote. Akampima presha, akamsikiliza kifua, akasema tumechelewa lakini hatujachelewa sana, mashine ya kusafisha damu ipo na iko wazi. Nilitaka kumbusu mikono. Akakaa kwenye kompyuta kuandika dawa. Akafuta. Akaandika tena. Akageuka, uso umebadilika.

"Mzee, huyu ni marehemu."

"Nani?" akauliza Nyamizi.

"Samahani, mama. Mfumo ndio unasema. Ameingia kwa geti la nyuma. Stoo ya dawa haifunguki kwa jina la marehemu, na mashine haiwaki."

"Basi mrudishe kwenye uhai," nikasema.

"Sina kitufe cha hilo. Mpaka wadau wote wakae."

* * *

Kikao cha dharura kikaitwa, hotelini palepale. Mdau wa kwaya akarudishwa kwa ndege. Ilibidi na mimi niende, maana bila mdau wa wagonjwa akidi haitimii. Nilisimama kando ya kitanda nikashindwa kuondoka.

"Nenda," Nyamizi akasema. Mzaha ulikuwa umemwisha sasa. "Ukawaambie nipo."

Nikawaambia. Kabla ya yote Waziri alitutambua. Kisha kukawa na mjadala mzito. Mdau wa dini akahoji kama binadamu wana mamlaka ya kumrudisha mtu kutoka wafu bila kamati. Mdau wa machifu akataka kujua kama atakaporudi atakuja kusalimia. Mdau wa dawa akauliza je, tukimrejesha huyu, wengine nao hawatadai?

"Yuko hai!" nikapiga kelele. "Nimemwacha anaongea! Amesema niwaambie yupo!"

"Hasira zako tunazielewa, mdau," akasema Waziri, "ila tufuate utaratibu. Mdau wa majeneza, huyu kwa sasa ni wako. Unamwachia?"

Kisusi akasimama. "Namwachia. Tangu lini alikuwa wangu? Bonyezeni basi, jamani, bonyezeni!"

Tukaenda kula kwanza. Baada ya chakula ikaazimiwa kwa kauli moja kwamba Nyamizi yu hai. Makofi. Kwaya ikasimama ikaimba. Mimi na Kisusi tulikuwa tumeshafika kwenye gari.

Wodini tulikuta kitanda kimetandikwa. Yule daktari alikuwa amekaa juu yake, mikono mapajani.

"Mchana," akasema. "Mchana huu."

"Hukumpa kitu?"

"Nilimpa maji, mzee. Maji hayana kitufe."

* * *

Tukataka kumchukua tukamzike. Mhudumu wa chumba cha maiti akaangalia simu yake, akatikisa kichwa. "Huyu siwezi kuwapa. Yu hai. Azimio limeingia sasa hivi, hata wino haujakauka, kama simu ingekuwa na wino." Kisusi akamshika shati. Daktari akawaachanisha, akarudi kwenye kompyuta huku machozi yanamdondoka juu ya vibonyezo, akafanya jambo pekee ambalo mfumo ulimruhusu kwa mtu aliye hai. Aliandika kwamba Nyamizi amepona, aende nyumbani.

Tukatoka naye kwa geti la mbele. Mlinzi akaona kwenye kishikwambi chake, akasimama, akapiga saluti. "Hongereni kwa kuuguza," akasema. "Mwambieni mama asirudi haraka huku."

Tulimzika kesho yake. Jeneza alilichonga Kisusi mwenyewe, na kupima hakupima.

* * *

Halafu ukaja uzinduzi rasmi. Kadi ililetwa nyumbani na gari la Wizara, imeandikwa jina la Nyamizi, mgonjwa wa kwanza katika historia ya nchi kupona kwa njia ya mfumo shirikishi. Nikaenda nayo mimi. Nilikuta kiti chake mstari wa mbele, kimefungwa utepe wa rangi za bendera. Nikakaa kiti cha kando yake.

Waziri alitutambua wote. Alieleza jinsi nchi nyingine zinavyokuja kujifunza kwetu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kile kiti.

"Na sasa, mama yetu shujaa, mama aliyekufa akarudi kwa nguvu ya wadau! Mama Nyamizi, simama, watu wakuone!"

Makofi yakalipuka. Kiti kikabaki vilevile. Makofi yakapungua, yakawa ya mtu mmojammoja, yakaisha. Nikasimama mimi.

"Mke wangu nimemzika," nikasema. Sauti haikuwa kubwa lakini ukumbi ulikuwa kimya. "Alikuwa hai mkamwita maiti. Alipokufa mkasema amepona. Amekufa akiwasubiri mmalize kula. Ninyi ndio mliomuua, na wewe Waziri ndiwe wa kwanza."

Waziri akamtazama Bi Stamili. Bi Stamili akakivuta kipaza sauti, akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa, nadhani hata machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Asante sana, mzee wetu," akasema. "Hivi ndivyo tunavyotaka wadau wawe, wa wazi. Maoni yako yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Na tunakukaribisha kikao kijacho, maana mdau wa wafiwa tulikuwa hatuna."

Wakapiga makofi. Nilibaki nimesimama, nikitaka kusema jingine. Wakazidi. Waziri mwenyewe akainuka akanipigia, wote wakainuka, wakinitazama kwa upendo, na kila nilipofungua mdomo yakapanda zaidi. Hayakukoma mpaka nilipokaa.